Mfuo Uliotazamwa kutoka Ndani

Trokondas mwana wa Moles alikuwa na macho mabovu na mkono wa dhahabu. Sokoni aliwahi kuisalimia nguzo akidhani ni mwuza sufu, tena akaiuliza habari za nyumbani. Lakini ukimpa kipande cha chuma kisichozidi upana wa dole gumba, akakisogeza hadi karibu na pua, angekuchongea humo tai na manyoya yake yote, na kucha, na hasira. Kwetu Koloni kila muhuri wa mfanyabiashara ulitoka mkononi mwake. Chapa za kugongea sarafu za shaba za mji nazo zilitoka hapohapo, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Sarafu hizo ndizo zilizokuwa zikituambia sisi ni nani, kana kwamba wenyewe tumesahau. Upande mmoja kichwa cha Kaisari, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona kwa macho. Upande wa pili tai, au bendera za jeshi, au yule mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili. Mbwa mwitu wa milima yetu wanakula kondoo na hawajawahi kumnyonyesha mtoto wa mtu, lakini hatukuulizwa. Picha zote zilikuwa za walowezi, wana na wajukuu wa askari waliopewa ardhi hapa baada ya vita vyao. Trokondas alizichonga vizuri kuliko mlowezi yeyote, na yeye mwenyewe hakuwa raia. Alikuwa mkazi. Mkazi hulipa kodi, hutoa mbuzi siku ya sherehe, na husubiri nje ya ukumbi wa baraza mpaka aitwe.

Nyumbani alikuwa na mke, Ammia, mfumaji mwenye ulimi mwepesi. Binti yao wa pekee, Tatia, aliolewa mbali, safari ya siku nne. Baba yake Trokondas alikufia kwenye ujenzi wa barabara kuu, akazikwa hukohuko alikoangukiwa na jiwe, na hakuna aliyejua ni sehemu gani ya barabara hiyo. Aliyebaki ni mama, Nannelis, bibi wa miaka sabini na mitano, mdogo wa umbo, mwenye kuamka mapema na kuudhika mapema.

Nannelis alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na mtaa mzima ulilijua. Alitaka akifa alazwe na mama yake.

Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Mama yake alifariki kwa uzazi, Nannelis akiwa na miaka saba, akalazwa kwenye pango la ukoo pale mteremkoni, kichanga kikiwa kifuani pake. Mwaka uliofuata wakaja askari na plau. Walifunga fahali upande mmoja na mtamba, ng'ombe jike, upande wa pili, mkubwa wao akajitanda nguo kichwani, akashika mpini, wakauzunguka mteremko wote kwa mfuo mmoja. Ndani ya mfuo ukawa mji. Na sheria ya mji wao haina mchezo: ndani ya mfuo hazikwi mtu. Basi pango likawa mjini, na waliokuwamo wakabaki peke yao, kwa kuwa tangu siku ile hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuwafuata. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na wageni wa namna hii.

Sasa mbele ya pango pamejengwa kiwanda cha kufua na kusafisha nguo. Mlango wa pango umezibwa kwa mawe, na mbele ya mawe hupangwa mitungi ya mkojo, ule wanaosafishia sufu. Kila mwaka, siku aliyofariki mama yake, Nannelis alikwenda pale na mkate wa shayiri na bakuli la maziwa. Mwenye kiwanda, Dokimos, alikuwa mtu mwema kwa kadiri ya nafasi yake. Siku hiyo aliiondoa mitungi mwenyewe, akamwaga maji, akasimama pembeni kofia mkononi.

"Bibi, harufu haikusumbui?" alimwuliza mara moja.

"Inanisumbua sana," akajibu Nannelis. "Namwonea huruma mama yangu, yeye anaisikia mwaka mzima."

Mwaka huo mkuu wa mji alikuwa Albukius, mtu mnene, mcheshi, mpenda kupendwa. Kila mkuu mpya hutaka sarafu yake, ili akishatoka madarakani watu waendelee kununulia vitunguu jina lake. Alikuja karakanani mwenyewe.

"Troko, ndugu yangu! Hujapofuka bado?"

"Bado, mheshimiwa. Nakuona nusu."

"Hiyo nusu inatosha. Nusu ya pili ni tumbo tu." Akacheka, akaketi juu ya kigoda ambacho Ammia alikuwa amekitengea sufu. "Nisikilize. Tai tumemchoka. Mbwa mwitu kila koloni lina wake. Mimi nataka mfuo. Sarafu kubwa ya shaba, mwanzilishi kashika plau, nguo kichwani, fahali na mtamba wanavuta. Mtu akiishika ajue mji huu umetoka wapi. Unaweza?"

"Naweza."

"Utataka dinari ngapi?"

"Sitaki dinari."

Ammia aliacha kufuma. Albukius akakunja uso, kwa kuwa mtu asiyetaka fedha huwa anataka kitu cha ghali zaidi.

"Nataka mama yangu akifa alazwe kwa mama yake," akasema Trokondas.

"Pale kwa Dokimos? Ndani ya mfuo? Troko, sheria unaijua."

"Sheria ni yenu. Baraza likiamua, limeamua. Juzi tu yule tajiri aliyewajengea bafu mmemzika kwenye ua wa hekalu."

"Yule alitujengea bafu, bwana!"

"Na mimi nawachongea mji."

Neno hilo lilimfurahisha Albukius. Alilirudia kwa sauti ya chini, na bila shaka alilitumia baadaye mezani kama la kwake. "Haya," akasema. "Nipe mfuo mzuri, nitalipeleka suala lako barazani, na litapita. Nakuahidi."

"Ahadi ni deni, mheshimiwa."

"Tena na shahidi ni mkeo. Huyu simwezi."

Nannelis akaambiwa. Alimwita Ammia amwogeshe, mchana kweupe, siku isiyokuwa ya kuoga. Ndipo, akisuguliwa mgongo, akaanza kuhangaika.

"Atanijua kweli?"

"Nani, mama?"

"Mama yangu. Alikufa na miaka ishirini na sita. Mimi nitamtokea hivi, kibogoyo, nimwambie ndimi Nannelis wako. Atasema, we bibi, acha utani, mwanangu ni mtoto."

"Mwonyeshe hili kovu la gotini," akasema Ammia. "Si ulilipata yeye yupo?"

"Ee! La kisimani." Bibi akalishika goti lake, akatulia. "Hilo atalijua."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Aliacha kuudhika. Alianza kukusanya habari za kumpelekea mama yake, nani kaoa, nani kauza shamba, bei ya chumvi. Trokondas alimsikiliza akiwa anachonga, na moyo ulimjaa mpaka alilazimika kuweka patasi chini. Kwa maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpa mama yake kitu cha maana.

Baridi ilipoingia, bibi alikohoa, na kikohozi kikakataa kutoka. Trokondas alihamisha meza yake ya kazi hadi kando ya kitanda, penye dirisha. Chapa huchongwa kinyume, ya kulia inakuwa kushoto, na palipoinuka panakuwa shimo. Kazi hiyo hawezi mtu kuifanya kwa kufikiri, inafanywa na mkono wenyewe ukijua unakokwenda. Kila jioni alibonyeza udongo laini ndani ya chapa, akautoa, akautazama. Na wakati wote huo mama yake alikuwa akimsimulia mfuo, kwa mara ya mia labda, kwa kuwa wagonjwa hupenda kurudi walikopita.

"Tulisimama kwenye uwanja wa kupuria ngano, mimi na shangazi. Akanishika hapa begani, ananiumiza. Wakaja wanatokea kulia, wanakwenda kushoto. Mtamba ndiye alikuwa upande wetu, mweupe, kiwele kinacheza. Fahali simwoni vizuri, kajificha nyuma ya mwenzake, naona pembe tu. Na yule bwana kajitanda kama bibi harusi! Nikacheka. Shangazi akanifinya."

"Halafu?"

"Halafu madongo. Yanaangukia huku kwetu, ndani. Moja likaviringika likanigusa mguu. La moto, Troko. La ardhi iliyokuwa juani siku nzima. Nikaliokota. Shangazi akasema tupa, tupa hilo, si letu tena."

Mkono wa Trokondas ulichonga. Mtamba mbele na kiwele chake, fahali nyuma yake, pembe tu na kifua. Wanakwenda kushoto. Madongo yakaanguka upande huu, upande wa anayetazama. Ammia aliinama juu ya udongo wa majaribio, akasema, "Kama mtu yupo palepale." Na bibi akapitisha kidole, maana taa ya macho yake ilikuwa imefifia, akasema, "Huyo ndiye."

Hakuna aliyeona kosa katika nyumba ile. Kwao hapakuwa na kosa.

Mafundi wakagonga sarafu thelathini za kwanza. Albukius alifurahi kama mtoto, akazigawa kwa wajumbe wa baraza siku ya kikao, mezani, pamoja na zeituni na mvinyo. Walizishika, wakazisifu, wakazigonga mezani kusikia mlio. Zilifika kwa Sestulius.

Sestulius alikuwa kuhani wa bishara, msomaji wa dalili za miungu, mtu wa miaka sitini na mitano, mkavu, mwenye kutafuna polepole. Baba yake ndiye aliyewaongoza ng'ombe wale siku ya mfuo. Katika sherehe ya kila mwaka yeye ndiye anayeisimulia habari hiyo, neno kwa neno kama alivyoachiwa. Aliishika sarafu, akaigeuza kwenye mwanga, akaacha kutafuna. Kisha akaiweka mezani akaifunika kwa kiganja.

"Mwiteni aliyechonga," akasema.

Trokondas alikuwa nje, alipozoea kungojea. Aliingia akitabasamu. Masikini, alidhani anaitwa kupewa ruhusa yake.

"Umechonga vizuri," akasema Sestulius, na hakuwa anadhihaki. "Nieleze kitu kimoja. Mfuo unachimbwa kuzunguka mkono wa kushoto. Mtamba anafungwa upande wa ndani, fahali upande wa nje. Baba yangu aliongoza ng'ombe, wenzake walisimama nje, kwenye mahema. Waliona nini?"

Trokondas alifikiri. Mkono wake ulijua kabla yake.

"Waliona fahali mbele," akasema.

"Wakielekea wapi?"

"Kulia, mzee."

"Na hapa?"

Albukius, ambaye hakuwa mtu mbaya, alirukia haraka. "Jamani, hawa watu huchonga kinyumenyume! Amesahau kugeuza, basi. Mkono umeteleza. Atachonga nyingine bure, si ndiyo, Troko?"

"Ndiyo," akasema Trokondas. "Mkono umeteleza."

"Mkono ukiteleza," akasema Sestulius, "picha inageuka, lakini fahali anabaki mbele. Hapa mbele yupo mtamba. Ana kiwele. Na madongo yanamwangukia mtazamaji miguuni." Aliondoa kiganja. "Haya hayakuteleza. Yalitazamwa. Kuna mtu alisimama ndani ya mfuo akatazama. Sasa mimi miaka yote nimesimulia kwamba baba zetu waliukuta mteremko mtupu, mawe na mbuzi mwitu. Nataka kujua nimekuwa nikisema uwongo mbele ya miungu, au vipi."

Nimewahi kuwauliza watu wawili waliokuwamo, na wote wawili wanasema hakuna aliyemeza mate. Kila mjumbe pale alikuwa na shamba, na kila shamba lilikuwa mteremko mtupu ulioanzia siku ile.

Albukius alimsogelea Trokondas, akamnong'oneza huku ameweka tabasamu. "Sema hapakuwa na mtu. Sema tu, bwana. Mzee ataridhika, utachonga upya, na suala la mama yako nalileta leoleo. Mama bado yu hai?"

"Yu hai."

"Basi okoa jambo lake. Maneno hayamwui mtu."

Kusema kweli mimi simlaumu. Wako wanaomlaumu hadi leo, na wengi wao hawajawahi kuingia ukumbi ule isipokuwa kwenda kufagia. Trokondas aliona mawe yaliyoziba mlango wa pango, akamwona mama yake akishika goti lake lenye kovu. Alipima. Aliona kwamba neno moja litafungua mawe yale, na kwamba mama hatalisikia kamwe.

"Hapakuwa na mtu," akasema.

"Apa," akasema Sestulius.

Akaletewa madhabahu ndogo ya mkononi, akaweka kidole. "Naapa kwa jina la Kaisari. Siku ya mfuo ndani hapakuwa na mtu. Nilichochonga nilikibuni."

Mwandishi wa baraza akaandika. Wajumbe wakapumua, mmoja akachukua zeituni. Albukius akapiga makofi mara moja.

"Vizuri! Sasa, wazee, kuna jambo dogo la huyu fundi wetu. Ana mama mgonjwa, na anaomba akifariki alazwe kwenye kaburi la ukoo wao, lile la kiwandani kwa Dokimos. Mimi naunga mkono."

"Kaburi gani?" akauliza Sestulius.

"Lile pango, mzee. Penye mitungi."

"Huyu ameapa sasa hivi. Hapakuwa na mtu. Pasipo na mtu hapana kaburi." Hakupandisha sauti. "Lile ni shimo la mwamba, Albukius. Dokimos anaweza kuwekea mitungi hata ndani akitaka."

Albukius alifungua kinywa. Alitazama wajumbe, mmoja mmoja, akiwatafuta. Kisha akatazama kucha zake. Mtu mpenda kupendwa hawezi kupendwa na pande mbili kwa siku moja, na Trokondas alikuwa upande wenye mtu mmoja.

"Mheshimiwa," akasema Trokondas, "uliniahidi."

"Umesikia mwenyewe, Troko. Nifanyeje? Kiapo ni chako."

Chapa ililetwa, fundi chuma akaipiga patasi mara tatu usoni. Sarafu thelathini zikahesabiwa zikarudi tanurini. Trokondas aliambiwa achonge nyingine, akaichonga baadaye, fahali mbele, wakielekea kulia, madongo yamefichika nyuma. Ndiyo hiyo mnayonunulia mkate. Ni kazi nzuri, hakuna anayebisha, ila mimi nikiiona mkononi mwa mtu naangalia pembeni.

Alirudi nyumbani akipapasa kuta. Ammia alimpokea mlangoni, akamtazama mara moja tu, akajua.

"Wamekataa?"

"Nyamaza. Yuko macho?"

"Yuko macho tangu asubuhi. Amenifanya nimsuke nywele. Baba Tatia, ukimwambia hivi hivi unamwua."

Nannelis alikuwa ameegemezwa mito, nywele zimesukwa misuko miwili kama za msichana. Alisikia hatua za mwanawe.

"Troko? Wameiona?"

"Wameiona, mama."

"Wakasemaje?"

"Wameisifu."

"Na sisi je? Umewaambia tulikuwepo pale, mimi na shangazi?"

Ammia alisimama nyuma ya mumewe, akaziba mdomo kwa nguo aliyokuwa akifuma.

"Nimewaambia, mama," akasema Trokondas.

"Wakakubali?"

"Wamekubali. Utalala kwa mama yako."

Bibi alitoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Sikuwadhania," akasema. "Miaka yote hii nimewasema vibaya, kumbe wanasikia wakiambiwa. Ungewaambia zamani, mwanangu."

Aliishi siku tatu. Siku ya pili alituma salamu kwa Dokimos, kwamba hatamsumbua tena na mitungi yake baada ya mara hii moja. Dokimos, ambaye alikwisha kusikia ya barazani, alipokea salamu hizo akaingia ndani akafunga kiwanda. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, akimsimulia Ammia namna atakavyolifunua goti lake polepole ili asimshtue mama yake, Nannelis alinyamaza katikati ya neno. Hakurudi tena kulimalizia.

Walimtoa kwa lango la magharibi. Pale langoni, siku ya mfuo, yule bwana aliinua plau akaibeba hatua kumi na tano, ili mji uwe na pa kupitishia visivyofaa kuvuka ardhi takatifu, yaani taka na maiti. Wabebaji walikuwa wanne. Trokondas alitangulia mbele, Dokimos alishika mguu wa kulia wa kitanda, na nyuma walikuja majirani wa mtaani wapatao ishirini. Kiwanja cha wakazi kipo kando ya barabara, udongo mbaya, changarawe tupu.

Kwa sisi watu wa milimani, kabla udongo haujarudishwa, mtoto mkubwa hushuka shimoni. Hupiga magoti kwenye sikio la maiti, akamtajia majirani zake, wa kulia na wa kushoto, kwa majina, ili asiamke mgeni. Na hapo hakuna kudanganya. Mtu anaweza kudanganya sokoni, anaweza kumdanganya hata mungu kwenye madhabahu yake, na wengi hufanya hivyo. Shimoni hajapata kuthubutu mtu. Maiti aliyeelekezwa vibaya hupotea, na hakuna anayeweza kumfuata kumrudisha.

Trokondas alishuka. Alipiga magoti, akasogeza kinywa chake kwenye sikio, akakaa hivyo.

"Baba Tatia," Ammia akamwita kutoka juu, taratibu. "Sema. Watu wamesimama."

"Mama," akasema. "Kulia kwako yupo mwendesha nyumbu. Alitoka Ikonio, alikufa kwa homa. Jina lake halijulikani."

Walingoja.

"Kushoto kwako hakuna mtu."

Hapo ndipo desturi inapokoma. Mtoto hugusa udongo, hupanda, watu huanza kufukia. Mwenye koleo alikwisha kuinama. Lakini Trokondas hakupanda.

"Mama yako hayupo hapa," akasema. Sasa alikuwa akisema kwa sauti, na wote juu walisikia. "Yuko kulekule, peke yake. Uliponiuliza kama nimewaambia, nilikudanganya. Sikuwaambia. Niliapa hapakuwa na mtu. Si Sestulius aliyesema, ni mimi, kwa mdomo wangu. Mimi ndiye niliyesema hukuwepo."

Mwenye koleo aliliweka chini. Ammia alimnyoshea mumewe mkono, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Trokondas hakuushika. Alikuwa amelaza kichwa chake ubavuni mwa mama yake, upande wa kushoto, penye nafasi, na ilibidi Dokimos na mtu mwingine washuke kumtoa.